Aliyepita kwa Hodi

Kama umewahi kukalia kochi likakushika mgongo mpaka ukasahau ulikuwa unakwenda wapi, huenda kochi hilo lilitoka kwa Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale mtaani, ila alikuwa na ile sauti ya mashangazi, ya kukuuliza umekula au hujala kabla hujamaliza salamu, basi jina likamganda. Kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi. Aliianza na mumewe, bega kwa bega, na mume alipofariki akabaki na karakana, cherehani ya chuma nzito kama mlango wa benki, na mdogo wa marehemu, mbeba makochi mwenye mabega mapana. Huyu naye mtaa mzima ulimwita Shemeji, hata watoto wa chekechea ambao hawakujua neno lenyewe maana yake nini.

Karakana ilikuwa na kasoro moja tu, ila kasoro yenyewe si ya mchezo. Ilikuwa nyuma ya nyumba za watu. Upande mmoja ukuta wa ghala, upande mwingine kichochoro chembamba ambacho mteja mnene alikipita kwa ubavu huku akiomba asikutane na mnene mwenzake. Kochi halipiti kwa ubavu, wala kwa maombi. Kwa hiyo makochi yote, tangu siku ya kwanza, yalitokea kwenye kigeti cha mbao kilichotenganisha karakana na ua wa jirani, yakakatiza ua huo, yakatoka kwa geti kubwa la mbele mpaka barabarani, ambako gari la mizigo lilikuwa likisubiri.

Jirani huyo alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa mtaa ule yeye ndiye aliyewapokea duniani, na aliwaangalia wote kwa jicho la mtu aliyewaona wakiwa hawana nguo. Kutwa alikuwa kibarazani na redio yake. Sasa Shangazi alikuwa na tabia yake: hata kama kochi limeshanyanyuliwa, hata kama dereva anapiga honi huko nje, alisimama kwenye kigeti na kubisha hodi. Si ile hodi ya kutupa huku mguu umeshaingia. Hodi kamili, ya kusubiri jibu.

"Karibu, mdogo wangu," Mkunga aliitika. Kisha akapunguza redio. "Hilo ni la nani leo?"

Akaambiwa ni la nani. Akaliangalia kochi kuanzia miguu mpaka mito, akatoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba. Rangi hii ya uji uliopoa nani kaichagua. Huyu mteja ana watoto wanne, mbona kachukua kitambaa cheupe. Ndipo kochi likapita. Shemeji, aliyekuwa upande wa nyuma na mzigo wote begani, hakuwahi kubisha hodi hata siku moja. Akiulizwa, alisema mikono imejaa, kana kwamba hodi inasemwa kwa viganja.

Mambo yakaenda hivyo miaka na miaka, mpaka Mkunga alipoteleza bafuni akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali, bintiye alimchukua akakae naye ghorofani, upande wa pili wa mji. Siku wanamhamisha, Shangazi alikuwa amekwenda kununua mbao. Aliporudi alikuta kibaraza kitupu na redio imeondoka. Hakuaga wala hakuagwa. Alisema atakwenda kumwona Jumapili. Jumapili hiyo kulikuwa na kazi ya haraka, ya pili ikanyesha mvua, na baada ya hapo akaanza kuona aibu ya kuchelewa, na aibu hiyo ikazidi kumchelewesha. Nyote mnaijua aibu hiyo, msijifanye.

Nyumba akaachiwa mpwa wa Mkunga ailinde. Kijana nadhifu, anayetamka sentensi kama mtangazaji, na mwenye rundo la funguo analolichezesha kidoleni hata akiwa anakuamkia. Alikuwa na gari jipya. Yaani jipya kwake. Aliliegesha katikati ya ua, akalifunika turubai usiku kama mtoto mchanga, na asubuhi akaliosha kabla hajanawa yeye mwenyewe uso.

Haya, asubuhi moja Shangazi akiwa ndani anamalizia vifungo vya mto, Shemeji na dereva wa gari la mizigo wakaamua kutangulia na kochi la watu watatu. Shemeji, kama kawaida yake, aliingia uani kimya kimya kama upepo. Mguu wa kochi ukapita ubavuni mwa gari na kuacha mstari mweupe kuanzia mlango wa mbele hadi wa nyuma. Kijana alikuwa ameshika sponji ya kuoshea mkononi. Alitazama mstari ule mpaka povu likamwishia.

"Gari umeliweka njiani," Shemeji alimwambia, badala ya samahani.

Kesho yake kigeti kilikuwa na kufuli.

Shangazi alizunguka kupitia kichochoro, akatokea barabarani, akaenda kusimama kwenye geti la mbele na kubisha hodi. Hakukaribishwa. Alisikia funguo kwanza, kisha sauti ya mpwa kutoka upande wa ndani, na geti halikufunguliwa.

"Shangazi, shikamoo. Mama mkubwa amesema ua si barabara. Amesema makochi yamepita ya kutosha."

"Amesema yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Shangazi alirudi karakana akakaa juu ya robota la sponji. Mstari wa gari angeulipia, hilo halikumsumbua. Kilichomchoma ni hayo maneno mawili, amesema mwenyewe. Mtu uliyembishia hodi miaka yote hiyo anakufungia kwa kutuma mtoto, naye mtoto hata kukufungulia geti hakufungulii. Iliuma, na Shangazi hakuwa mtu wa kuficha kilichomuuma. Alilipigia misumari kochi zima la siku hiyo, misumari mingi kuliko kochi lilivyohitaji.

Na katikati ya karakana kulikuwa na lile kochi la kona. Daktari wa meno alilitaka kwa ajili ya chumba chake cha kusubiria, kubwa, la buluu, upande mmoja mrefu na mwingine mfupi, fremu moja isiyotenganishwa kwa sababu Shangazi hakuamini makochi ya kuunganisha kwa nati. Daktari alikuwa akipiga simu kila siku kwa ile sauti ya upole ya watu wanaokuambia haitauma. Shemeji akatoa wazo la kuyarusha makochi juu ya ukuta wa ghala. Walijaribu na kiti kimoja. Kilipanda vizuri, kikakaa juu ya ukuta, na hapo kikakataa kushuka kokote. Mlinzi wa ghala alikikalia mchana kutwa kutoka upande wake, akasema ni kizuri sana.

Bila njia ile hakuna karakana. Shangazi alilijua hilo bila kuelezwa na mtu. Pa kuhamia hapakuwepo, na fundi makochi asiyeweza kutoa kochi nje amebaki mtu mwenye nyumba iliyojaa viti.

Ndipo akaenda kwa Wakili.

Wakili alikuwa binti mdogo mwenye ofisi juu ya duka la dawa, na kiti cha wateja ofisini humo Shangazi ndiye aliyekivika kitambaa. Alikikalia huku akikipapasa mshono chini kwa kidole, kuona kama bado umeshika. Ulikuwa umeshika. Akaeleza mambo yote, na kufuli, na miaka.

Wakili alifurahi. Alianza kuandika haraka. "Shangazi, hapa kuna mambo mawili, na watu huyachanganya kila siku, hata sisi chuoni tulikuwa tunayachanganya. Sheria yenyewe tumeirithi kwa Kiingereza, kwa hiyo kuna maneno yao mawili. La kwanza ni leseni."

"Kama ya udereva."

"Hapa maana yake ni ruhusa tu. Mtu anakuruhusu upite kwake. Ni hisani. Akibadili mawazo, au akifa, au nyumba ikipata mwingine, imekwisha, huna la kudai. La pili ni izimenti."

"Hiyo ni dawa ya kikohozi."

"Ni haki ya njia, Shangazi. Hiyo ni yako. Imeshikamana na ardhi yako, haiondoki hata jirani akibadilika. Na unaweza kuipata kwa kupita tu, ukipita muda mrefu, waziwazi, bila kuvunja wala kujificha. Na wewe umepita muda mrefu kuliko sheria inavyotaka. Makochi hayafichiki."

"Basi ninayo hiyo ya pili."

"Unayo," Wakili alisema, akageuza ukurasa. "Kimebaki kitu kimoja kidogo. Isiwe ulipita kwa kuruhusiwa. Ulipita tu, kama mtu anayepita kwake. Ndivyo ilivyokuwa, sivyo?"

Shangazi alivuta mgongo ukasimama wima. "Mimi? Nipite kwa mtu kama mbuzi? Nililelewa, mwanangu. Kila mara nilibisha hodi, nikasubiri nikaribishwe. Muulize mtu yeyote."

Kalamu ya Wakili ilisimama. Aliiweka mezani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Kila mara?"

"Hata mvua ikinyesha."

"Shangazi, ukibisha hodi ukaambiwa karibu, hiyo ni ruhusa. Miaka yote hiyo ulikuwa ukiomba na kupewa. Kwa sheria hii, hodi zako zote zimekuweka kwenye lile neno la kwanza."

Shangazi alimtazama binti wa watu. Alikuwa anangojea acheke, aseme anatania. "Unataka kuniambia kama ningekuwa sina adabu, leo ningekuwa na haki."

"Kwa kifupi, ndiyo."

Shemeji, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo kwa sababu Shangazi hakumwamini na viti vya watu, alikohoa. "Mimi sikubisha hodi hata mara moja," alisema, na uso wake ulikuwa uking'aa. "Haki ni yangu. Niandikeni mimi."

Wakili alimweleza kwa upole kwamba yeye hubebea karakana, kwa hiyo hupita chini ya ruhusa ya mwenye karakana. Shemeji alikasirika kweli. Maisha yake yote hajawahi kusifiwa kwa tabia yake, na siku ilipokaribia kumfaa, akanyang'anywa.

Wakafungua shauri hata hivyo. Wakili alikuwa mwaminifu. "Sitakufundisha uongo," alisema. "Mimi nitauliza juu ya miaka na makochi. Hodi sitaigusa. Wakiigusa wao, utajibu mwenyewe unavyojua." Karatasi zikaandikwa kwa maneno ya kawaida ya madai ya aina hiyo, kwamba mdai amepita uani pale miaka yote bila kuomba ruhusa ya mtu, bila neno lolote la kufuli, zikatumwa kwa mwenye ua, ambaye kwa hati ni Mkunga. Shangazi alitia sahihi bila kusoma mstari huo mara ya pili. Aliogopa akiusoma atauona.

Siku zilizobaki kabla ya shauri, Shemeji alimpigisha mazoezi. Alikaa juu ya kochi la kona kama hakimu, akakunja uso. "Mama, ulikuwa ukibisha hodi?"

"Sik... Aah, niache nishone."

"Sema tu sikubisha. Neno moja hilo."

"Basi liseme wewe, ndilo umelizoea."

Ila alipobaki peke yake alijaribu mbele ya kioo cha kabati lake. Sikubisha hodi. Mdomo ulifanya kazi yake, sauti ilitoka, na bado yule mwanamke wa kwenye kioo hakumwamini. Akajiambia Mkunga ndiye aliyeanza, yeye ndiye aliyetia kufuli, basi wacha na yeye aonje. Hasira ilimsaidia kidogo. Alikwenda nayo mahakamani ikiwa bado ya moto.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, chenye feni inayozunguka kwa kulalamika, na benchi la wadaawa lililovikwa plastiki ambalo springi zake zilikwisha zamani. Shangazi aliutambua ugonjwa wake kabla hajakaa sawasawa. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani kwenye kamba. Mpwa alikuwa upande wa pili, suti imenyooka, funguo mkononi. Na kando yake, jambo ambalo Shangazi hakulitarajia, alikuwa Mkunga mwenyewe, amepungua, ameshikilia fremu ya chuma ya kutembelea, bintiye nyuma yake. Shangazi alijikuta midomo imeshaanza kuamkia. Mkunga alikuwa anatazama ukutani.

Wakili aliuliza maswali yake. Tangu lini mnapitisha makochi? Makubwa kiasi gani? Mchana au usiku? Mliwahi kuvunja chochote? Hapo mpwa alinyanyuka nusu na kusema gari, akaambiwa akae. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno. Shemeji, kwenye viti vya nyuma, alikuwa amekunja mikono kama mwenye mali.

Ndipo mpwa akaomba kuuliza kwa niaba ya mama yake mkubwa. Inaelekea na yeye alikuwa na rafiki aliyesomea sheria. "Naomba kujua jambo moja," alisema kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari. "Alipokuwa akipita, alikuwa akibisha hodi?"

Hakimu aliishusha miwani. "Jibu, mama. Ulikuwa ukibisha hodi?"

Feni ilizunguka. Shangazi aliwaza karakana. Aliwaza kochi la buluu, cherehani ya chuma, na mkono wa mumewe ulioichora alama ya penseli mezani ili vitambaa vikatwe sawa. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni, na Shemeji kule nyuma alikuwa akilitamka naye bila sauti.

Akamtazama Mkunga. Mkunga sasa alikuwa ameacha ukuta na kumgeukia, na macho yake hayakuwa na ugomvi wowote. Yalikuwa yanangoja tu. Ghafla Shangazi alikumbuka kochi la kwanza alilotoa baada ya msiba. Siku hiyo alisimama kwenye kile kigeti akiwa amevimba macho, akafungua kinywa abishe hodi kama siku zote, na sauti haikutoka. Alisimama pale kama mti. Na Mkunga, kibarazani, aliitika hodi ambayo haikusemwa. Karibu, mdogo wangu. Pita. Hakuuliza hata kochi ni la nani.

"Nilibisha," Shangazi alisema. "Kila mara. Na kila mara aliniitikia. Hakuna siku niliyobisha nikakosa kukaribishwa, na siku nisiyoweza kubisha alinikaribisha hivyo hivyo. Mkitaka kuninyang'anya njia ninyang'anyeni, lakini siwezi kusema yule hakuwahi kunikaribisha."

Wakili aliinamia mafaili yake. Kule nyuma Shemeji alishika kichwa.

Hakimu hakukawia. Alieleza kwa maneno mepesi, tena kwa huruma, kwamba njia iliyopitwa kwa kukaribishwa haizai haki hata ipitwe mpaka vizazi, kwamba alichokuwa nacho mdai ni ruhusa, na kwamba madai yake yanatupwa. Kisha akatoka kwenda kunywa chai. Kwa hiyo Shangazi alishindwa shauri, na lazima niliseme wazi kwa sababu Shemeji huwasimulia watu vingine.

Kwenye korido Shangazi alikuwa anatembea haraka, anataka kulia akiwa amefika nje, aliposikia chuma kikigonga sakafu nyuma yake. Tak. Tak. Aligeuka.

"Mtu unamkimbiza mwenye nyonga ya bandia," Mkunga alisema.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Zile karatasi zako zilinifikia." Alipumzika kwanza, akaegemea fremu. "Ziliandikwa umepita kwangu miaka yote bila kuniomba. Nikamwambia binti yangu asome tena, labda miwani. Akasoma vile vile. Nikasema kumbe miaka yote hiyo nilikuwa naukaribisha upepo. Nikasema nitakwenda, nimsikie aseme kwa mdomo wake."

Shangazi machozi hayakungoja kufika nje. "Na mimi niliambiwa umesema makochi yamepita ya kutosha. Ukanitilia kufuli."

"Kufuli gani?"

Hapo wote wawili wakageuka. Mpwa alikuwa hatua chache nyuma yao na, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, zile funguo zilikuwa kimya.

"Mama mkubwa, ni gari," alisema. Sauti ya mtangazaji ilikuwa imemkimbia. "Walilikwaruza. Nikaona nikitaja jina langu tu, hatanisikiliza."

"Ukaona ulitaje langu."

"Naomba radhi, Mama mkubwa."

"Mwombe huyu. Halafu niambie. Wewe pale kwangu unakaa kwa haki au kwa ruhusa?"

Kijana alifikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo uso ulivyozidi kumshuka. "Kwa ruhusa."

"Na gari lako?"

"Nalo kwa ruhusa."

Wakili, aliyekuwa amefika na mafaili kifuani, alijifanya anatafuta kalamu ili asicheke. Mkunga akamgeukia. "Wewe binti, nadhani nilikupokea mimi."

"Ndiyo, Bibi. Mama alisema nilitanguliza miguu."

"Nakumbuka, ulitusumbua sana. Sasa nieleze. Lile jambo la pili, lisilokufa nikifa. Linapatikanaje zaidi ya kukosa adabu?"

"Mwenye ardhi anaweza kulitoa mwenyewe, kwa hiari yake. Linaandikwa, linasajiliwa kwenye hati, na anayekuja nyuma yake, awe nani, atalikuta."

"Liandikwe."

"Dada, hapana," Shangazi alisema. "Ruhusa inanitosha."

"Inakutosha mpaka lini?" Mkunga alimwuliza, na safari hii hakuwa anatania. "Mimi nimeanza kwa nyonga. Kitafuata kingine. Siku moja utabisha hodi na atakayeitika ni huyu." Alimwonyesha mpwa kwa kidevu. "Ama mwingine mwenye funguo nyingi zaidi. Nataka upite hata kama sipo. Umenisikia?"

Shangazi alisema amesikia. Walisimama pale wameshikana mikono juu ya ile fremu ya chuma, wakiziba korido, na watu wenye mashauri yao wakapita kwa ubavu.

"Na mbona hukuja kuniona?" Mkunga aliuliza mwisho.

"Niliona aibu nimechelewa."

"Sasa huko kwa binti yangu ungebisha hodi wapi. Wana kengele. Mtu anabonyeza, mlango unalia, unafunguka, hakuna aliyesema neno. Nimechoka nao. Narudi kwangu."

Bintiye alilalamika sana, akataja ngazi za kibaraza, akamtaja daktari. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza redio yake aliiweka wapi.

Wakili akashughulikia hati. Siku ile karatasi ilipotoka, yenye mhuri na ramani ndogo ya ua na mstari mwekundu ukipita katikati, Shangazi aliitundika karakana juu ya cherehani. Gari la mpwa lilikuwa limehamia barabarani, mstari wake umepakwa rangi kwa gharama ya karakana. Kigeti kilikuwa wazi. Kochi la kona, ambalo daktari wa meno alikuwa ameshaanza kuliulizia kwa sauti ya watu wanaokuambia sasa itauma kidogo, likanyanyuliwa hatimaye; Shangazi mbele, Shemeji nyuma chini ya upande mrefu, hakuna kinachoonekana ila miguu yake.

Sijui shetani gani alimwingia Shangazi. Labda ni ile karatasi. Alifika kwenye kigeti na, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakusimama. Alipita tu, kidevu juu, kama mtu anayepita kwake.

Redio ilipunguzwa.

"Nani huyo anapita kama mbuzi?" Mkunga aliuliza kutoka kibarazani.

"Mwenye haki," Shangazi alijibu, akijizuia kucheka.

"Haki yako iko kwenye hati, kaisomee huko. Hapa kwangu rudi kwenye kigeti."

"Dada, kochi ni zito."

"Lilikuwa jepesi wakati unaingia?"

Wakarudi kinyumenyume. Ilikuwa kazi. Shemeji, asiyeona kitu, alikanyaga ndoo, akagonga nguzo ya kigeti, akasema maneno ambayo Shangazi alijifanya hakuyasikia. Walipofika nje ya kigeti, Shangazi alivuta pumzi, akasimama vizuri, kama siku zote.

"Hodi."

Mkunga aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Nimesikia moja," alisema. "Naona miguu ya watu wawili."

Kochi la buluu lilitulia hewani. Muda ukapita, mrefu kuliko Shangazi alivyoweza kuvumilia na mzigo ule mikononi. Kisha kutoka chini ya upande mrefu ikatoka sauti ndogo, ngeni, ya mtu ambaye hajawahi kulitumia neno lenyewe.

"Hodi."

"Karibuni," Mkunga aliitika. "Hilo ni la nani leo?"